Mistari ya pembeni ya gari: ipi inunuliwe Tanga, na ibandikwe vipi

Mstari wa milimita 3 ukikaa sawa kwenye ubavu wa IST au Probox, gari zima huonekana limenyooka. Ukipinda nusu sentimita tu karibu na kitasa cha mlango, jicho halitoki hapo. Na kwa mji wa pwani kama Tanga kuna mtihani wa pili: jua kali, umande wa usiku na hewa ya chumvi. Orodha hii tumeipanga kwa kudumu kwanza, mng'aro baadaye.

1. Vinili ya kumwagwa

Vinili ni plastiki ya stika, na hii ndiyo ya kununua kwa gari la kawaida. Hutengenezwa kwa kumwaga plastiki ikiwa majimaji juu ya karatasi, kisha huokwa. Kwa kuwa haijavutwa kiwandani, haina hamu ya kujirudi. Ni nyembamba, takriban mikroni 50 hadi 60 (mikroni elfu moja ni milimita moja), na hulala kwenye mikunjo ya bodi bila kunyanyuka. Taja chapa na namba: Oracal 751 ni ya aina hii, Oracal 651 siyo. Fundi stika wa Ngamiani mwenye plota, mashine ya kukatia stika, anaweza kukukatia upana wowote. Kwa gari dogo milimita 3 hadi 6 inatosha, au mistari miwili, mmoja mwembamba chini ya mwingine.

Ukikuta vinili isiyo na jina, omba kipande cha sentimita 10, kibandike kwenye kioo na ukiache juani siku mbili. Kikisinyaa na kuacha utepe wa gundi pembeni, kirudishe. Gundi hiyo ndiyo itakayonasa vumbi na kuuzungushia mstari wako ukingo mweusi.

2. Rangi ya mafuta kwa brashi

Mkono mzuri ukipatikana, hakuna mstari mzuri kama huu. Kule Goodwood, Uingereza, Rolls-Royce huchora mstari wa ubavuni kwa mkono, kwa brashi za nywele za kindi. Brashi yenyewe ina nywele ndefu zilizochongoka kama upanga, ili ibebe rangi ya kutosha kuvuta mstari mrefu bila kuchovya tena. Rangi ya kuchorea mabango, kama 1 Shot, ndiyo yake. Ukikosea, unafuta kwa kitambaa chenye tapentaini ikiwa bado mbichi. Tumeiweka ya pili kwa sababu moja: wanaoijua ni wachache, na mstari wa mkono unaotetemeka ni mbaya kuliko stika ya bei rahisi. Kabla ya kulipa, mwambie fundi avute mita moja kwenye kioo mbele yako.

3. Mstari chini ya klia

Klia ni tabaka angavu la mwisho linalopuliziwa juu ya rangi; mstari ukiwa chini yake hauchubuki wala haubanduki. Lakini una maana tu kama gari tayari linaingia gereji kupuliziwa rangi. Hakikisha ni rangi iliyopulizwa, si stika iliyofunikwa kwa klia. Thina iliyo kwenye klia huweza kuikunja stika.

4. Vinili ya rola

Oracal 651 na nyingi za bei nafuu. Plastiki hii hubanwa kati ya rola za moto, hivyo joto la jua huirudisha nyuma kidogo kidogo. Inafaa sehemu bapa: mlango wa Hiace, boneti iliyonyooka. Kwenye kona na mikunjo, iache.

5. Tepu ya kuakisi na utepe wa kromu

Ya kuakisi ni nene na ngumu, na hupasuka kwenye kona. Ukiitumia kwa usalama, nyeupe ikae mbele na nyekundu nyuma, kamwe isiwe kinyume. Utepe wa kromu wenye sponji nyuma hatuupendekezi kabisa. Sponji hunywa maji ya chumvi na kuyashikilia kwenye rangi mchana na usiku.

Kiasi

IST ina urefu wa takriban mita 3.9. Mstari mmoja kila upande, toa bampa, ongeza sentimita 20 za kushikia: mita 8 zinatosha. Noah, nunua 10.

Kazi yenyewe

Rangi mpya ya gereji isiyookwa iache mwezi mzima kwanza; thina inayotoka huinua mapovu chini ya stika. Osha gari kwa sabuni. Magari yanayopita Pongwe na Maweni hubeba vumbi la chokaa na saruji, na likishikwa na umande hugeuka ganda. Pitisha ukucha polepole kwenye mlango; ukihisi chenga, gari bado halijasafika. Kisha futa kwa spiriti isiyo na mafuta. Ipime: tone moja kwenye kioo, likikauka kusiwe na utelezi.

Fanya kazi kivulini, kuanzia saa 2 asubuhi umande ukishakauka, au jioni saa 11. Bati la moto hunasa gundi papo hapo na kulainisha stika hadi ivutike, na iliyovutika itajirudi, ncha zikimbie mwisho wa mlango.

Pima kutoka kwenye mkunjo wa bodi, si kutoka chini, weka alama kila sentimita 30 na ubandike masking tepu kama mwongozo. Rudi nyuma hatua sita uangalie. Shika ncha ya mstari, achia karibu mita moja hewani, inyooshe bila kuivuta, ilaze polepole. Ukishika karibu karibu, kila mtetemo wa kidole utaonekana. Kisha kandamiza kwa plastiki iliyofungwa kitambaa, toka katikati kwenda ncha.

Sasa kukata, na hapa ndipo magari mengi huharibiwa. Fundi hupitisha wembe juu ya mlango, wembe unakata stika na rangi pamoja, na kwa hewa ya bahari mkwaruzo ule unaanza kutu. Mwaka haujaisha, kuna kidonda cha kahawia chini ya ncha. Mwambie afungue mlango, aache stika ining'inie, akate kwa mkasi hewani. Milimita 8 zigeuzwe ndani ya ukingo wa mlango na zikandamizwe kwa joto la draya ya nywele.

Usioshe gari saa 48. Mashine ya maji ya presha isubiri wiki, na hata hapo bomba lisilenge ncha.