Uzoefu wangu na albamu za panki na gereji roki, msizisikilize kwa sikio moja kama mimi

Wadau wa magitaa mpo? Najua Bongo tupo wachache, mtaani kwetu nadhani niko peke yangu, ila hizi wiki tatu nimezimaliza albamu zote za panki (roki ya haraka, fupi na yenye kelele) na gereji roki nilizokuwa nimeziweka kiporo nikaona nisiwe mchoyo. Nianze na aibu yangu kwanza.

Nilikuwa na hedifoni za buku tatu, nilichukua kwa machinga Kariakoo, upande wa kulia ulikufa kitambo nikazoea tu maana kwenye daladala sikio moja linatosha, lingine la kumsikia konda. Nikaweka Ramones, ile albamu yao ya kwanza kabisa ya 1976, nasikia besi, dramu na jamaa anaimba, nikasema hawa watu wanasifiwa nini sasa na gitaa lenyewe halipo? Nimeisikiliza hivyo siku nne mwanangu. Siku ya tano nikaiweka kwenye spika ya mshkaji wangu fundi simu, aisee, gitaa likaja kama mtu anakata bati kwa grainda! Kumbe ile albamu wameimiksi besi iko kushoto, gitaa liko kulia, sauti na dramu katikati, kwa hiyo siku zote zile nilikuwa nasikiliza nusu bendi na bado nikawa najifanya mjuaji.

Nikairudia yote upya. Ngoma 14, dakika 29 basi, nikiianzia Rangi Tatu foleni ikiwepo inaisha sijafika hata Mtoni kwa Aziz Ally. Waliirekodi ndani ya kama wiki moja hivi kwa kitu kama dola 6,400. Halafu mpiga gitaa wao Johnny Ramone anagonga nyuzi mkono ukishuka tu, ukipanda hagongi, na spidi ni ileile ngoma nzima. Jaribu hata kwenye mto wa kitanda dakika mbili uone mkono unavyowaka.

Sasa inayofuata ndio iliyonikaba koo. Death, albamu inaitwa ...For the Whole World to See. Hawa ni ndugu watatu weusi wa Detroit, kina Hackney, mwaka 1975 wako studio wanapiga kitu ambacho miaka miwili mitatu mbele dunia nzima itakiita panki, wakati mtaani kwao kila mtu anataka soul ya lebo ya Motown. Bosi wa kampuni kubwa ya rekodi akawataka ila akasema jina mbadilishe, nani atanunua santuri ya bendi inaitwa Kifo? David, ndio mkubwa wao na jina lilikuwa wazo lake, akagoma. Dili likafa. Wakatoa santuri moja ya ngoma mbili kwa hela yao, nakala 500, ikapotea, na David akafariki mwaka 2000 hajaona lolote. Albamu ikaja kutoka 2009! Ngoma saba tu, lakini ukifika Politicians in My Eyes, pale besi inapoanza kukimbia yenyewe na gitaa linaikimbiza nyuma, utasimama hata kama ulikuwa unaosha vyombo. Mimi nilisimama, sabuni mkononi, maji yanamwagika na bili ya Dawasa inasoma.

Bad Brains (1982, ile yenye kava la njano na radi inapiga jengo la bunge la Marekani) niliipiga kwa sauti Jumamosi asubuhi, jirani yangu mpenzi wa singeli akaja kugonga. Nikajua nagombezwa.

"Kaka, hii singeli ya wapi?"

"Sio singeli, hawa ni marasta wa Washington."

"Marasta gani wana haraka hivi?"

Akakaa. Akasikiliza yote mlangoni na mswaki mdomoni. Na kweli ukifikiria, watu tuliokulia Manzese na Tandale spidi haitutishi, sisi bpm 200 (mapigo 200 kwa dakika) ni kigodoro cha kawaida tu, kwa hiyo kama unataka kumvuta rafiki yako kwenye panki usimpe vitu laini kwanza, mpe ngoma yao Pay to Cum dakika moja na nusu uone anavyotikisa kichwa. Halafu katikati ya fujo wanakuwekea reggae taratibu kabisa, unapumua, kisha wanakutandika tena. Hawa walianza kwa kupiga jazz fyuzhoni, ndio maana hata kwenye spidi ile hakuna mtu anayekosea njia. Ilitoka kwanza kwa kaseti, na mpaka leo ina ile sauti ya kaseti, mi naipenda hivyohivyo.

Gereji roki sasa. Sio gereji za Ilala, ni kwamba vijana wa Marekani miaka ya 60 walikuwa wanafanyia mazoezi kwenye banda la gari la mzee. Hapa chukua Here Are The Sonics ya 1965, jamaa wa Tacoma, sauti imechafuka mpaka unahisi spika imepasuka, na muimbaji anapiga ukelele kama kakanyaga kaa la moto. Ngoma walizorudia za watu wengine mi naziruka, zao wenyewe ndio balaa, kuna moja anasifia kunywa sumu.

The Stooges, Fun House, 1970. Hii sio ya asubuhi. Inaanza vizuri, nzito, inajirudia kama mashine ya kusaga, halafu upande wa pili linaingia saksafoni na kila kitu kinaharibika kwa raha, mwisho kabisa karibu dakika tano za kelele tupu. Mke wangu alizima. Raw Power yao ya 1973 ngoma ni kali ila tafuta ile miksi ya zamani ya David Bowie hata kama ni nyembamba, ile aliyoirudia muimbaji wao Iggy Pop 1997 mimi inaniumiza masikio, na msininunie.

The Hives wa Sweden, Veni Vidi Vicious (2000), sina maneno mengi, weka ukiwa unadeki.

Na kabla hamjasema Afrika hatumo: majirani zetu Zambia, Ngozi Family, Day of Judgement, 1976. Paul Ngozi kaliwasha gitaa na fazi (kile kifaa cha kuchafua sauti ya gitaa) mpaka linanguruma kama Fuso inapanda Kitonga, dramu ziko kavu, hakuna mapambo. Mwaka uleule wa Ramones! Na hapa Tazara ilikuwa imefunguliwa tayari, sijui kwanini treni haikutuletea.

Hedifoni nimenunua mpya, za elfu kumi na tano, pande zote zinaongea. Zile mbovu sijazitupa lakini, najifunza besi siku hizi, na nikitaka kumsikia Dee Dee, mpiga besi wa Ramones, bila gitaa kunisumbua nachomeka zilezile.