TeXstudio na TeXworks katika kupanga tenzi: uzoefu wangu kutoka Lamu

Kazi yangu hapa Lamu ni kupanga kurasa za tenzi na vijitabu vya dini, ambavyo vingi huwa na hati za Kirumi upande mmoja na hati za Kiarabu upande wa pili. Natumia LaTeX, mfumo wa kupanga kurasa kwa amri zinazoandikwa ndani ya faili la maandishi, ambao Leslie Lamport aliujenga juu ya TeX ya Donald Knuth, kwani ubeti wa vipande vinne vinavyotakiwa kusimama sawasawa ukurasa baada ya ukurasa haupangiki kwa kubonyeza kitufe cha nafasi. Kompyuta yangu ni ya Windows, mwenzangu wa Malindi anayesahihisha matini anatumia Linux, na mteja wetu mmoja ana Mac. Kwa hiyo nilihitaji kihariri, yaani programu ya kuandikia faili za LaTeX na kuzigeuza PDF, ambacho sote watatu tungekiona na kukitumia kwa namna moja.

Kwa kazi ndefu nimekaa na TeXstudio, programu ya bure iliyochipuka kutoka kihariri kingine, Texmaker, mwaka 2009 na yenye matoleo ya mifumo yote mitatu. Faili na PDF hukaa ubavu kwa ubavu, na nikishikilia Ctrl na kubofya ubeti ndani ya PDF napelekwa moja kwa moja kwenye mstari wake, jambo ambalo kwa msahihishaji wa mabeti mamia lina thamani kuliko vitufe vyote vilivyopangwa juu ya dirisha. Kisha, kwa kuwa PDF inafunguliwa humo humo, tunaepukana na udhia wa Windows, ambako kisomaji cha nje kinaweza kulifungia faili lisiandikwe upya. Ukaguzi wa tahajia unakubali kamusi za LibreOffice, ya Kiswahili ikiwamo, ingawa aandikaye Kiamu azoee kuona «ndia» yake imepigiwa mstari mwekundu.

Hati za Kiarabu ndizo zinazotoa jasho. Kugeuza faili kuwa PDF, TeXstudio huanza na programu ya pdfLaTeX, ilhali kazi hii inataka nyingine, XeLaTeX, inayosoma Unicode (mfumo wa herufi za lugha zote) na fonti za kawaida kama Amiri, yenye hata zile herufi za p, ch na v ambazo Kiarabu chenyewe hakina. Ningeweza kubadilisha mipangilio ya programu, lakini mipangilio hiyo hubaki kwenye kompyuta yangu na haifiki Malindi. Badala yake naandika juu kabisa ya faili:

% !TeX program = xelatex

TeXstudio inautii mstari huo, TeXworks inautii, na TeXShop, kihariri cha Mac, pia. Kwa mantiki hiyohiyo, faili la fonti naliweka ndani ya folda ya kazi, na majina ya picha nayaandika kwa herufi ndogo tupu, maana Windows haijali kama ni «Mlango.jpg» au «mlango.jpg», lakini Linux itakwambia picha haipo.

Kuhariri mstari mmoja wenye amri za LaTeX na maneno ya Kiarabu pamoja ni mateso katika kihariri chochote nilichojaribu, kwani kishale huruka kulia na kushoto bila kukuaga. Mabeti ya Kiarabu nayatenga katika faili lao, bila amri hata moja, na faili kuu linayaita kwa \input.

Overleaf, kihariri cha LaTeX cha mtandaoni, inafanya kazi ndani ya kivinjari na haidai kusakinisha chochote, ila mtandao ukikatika nawe umekatika. Mimi naitumia mteja anapotaka kutazama tu. Kijana anayenisaidia kuingiza masahihisho nimempa TeXworks, iliyotengenezwa na Jonathan Kew, ambaye ndiye pia aliyeunda XeTeX, injini iliyo chini ya XeLaTeX. Ina kitufe kimoja cha kijani cha kuchakata, dirisha la maandishi na dirisha la PDF, basi. Mimi ingenibana kwa siku nzima ya kazi, lakini yeye hajawahi kuniuliza abonyeze wapi.