Mnara wa kumbukumbu: kando ya barabara ama baharini?

Hii mada haiishi hapa Mombasa, wengine wanataka kumbukumbu iwekwe watu wanakopita, wengine wanasema baharini.

Kwa kuonekana, barabarani panashinda. Kengele ya Frere Town pale Kengeleni imelipa eneo zima jina, hata konda anaita "Kengeleni!" siku nzima, kengele yenyewe ilikuwa inalia kuwaonya watumwa walioachwa huru waliokaa hapo, hatari ikija. Ila pikipiki, honi na moshi, utasimama vipi ukawaze?

Baharini mambo mengine kabisa. Chukua ajali ya feri ya Mtongwe, 29 Aprili 1994, zaidi ya watu 200 walikufa kwenye kivuko kile, sasa jina likisomwa huku maji yaleyale yanapita mbele yako unanyamaza mwenyewe, mkono juu ya jiwe lenye unyevu wa chumvi. Mimi hapo nakubali moja kwa moja.

Matunzo lakini, chumvi inakula chuma haraka, barabarani ni vumbi tu, unafuta.

Kwa hiyo kama unataka watoto wa shule wakutane nayo kila siku, weka barabarani. Kama ni ya wafiwa, wapelekeni kwenye maji.