Uzoefu wangu na chombo cha maua cha Bizen, miezi minane sasa

Sikutaka kuandika wiki ile ya kwanza, kitu kikiwa kipya kila mtu anakisifia. Sasa nimekaa nacho miezi minane, nina la kusema.

Ni chombo cha maua cha Bizen, aina ya ufinyanzi wa Kijapani, kimefinyangwa kwa mkono, urefu sentimita 22 hivi, nilikinunua mwenyewe Imbe, mkoa wa Okayama huku Japani, kwenye tamasha lao la mwezi wa kumi ambapo wafinyanzi wanapanga vyombo mpaka barabarani. Nililipa yeni 18,000. Ni hela nyingi jamani, niliizunguka ile meza mara tatu, nikaondoka, nikarudi. Mi nimekulia Kyela, Tanzania, vyungu vya Wakisi wa Ikombe ndo vyungu ninavyovijua, na mama hanunui chungu pale Matema bila kukigonga kwa kucha asikie kinalia vipi. Basi nikaomba ruhusa kwa fundi nikakigonga, kikalia kama chuma! Vyetu vinachomwa nje kwa moto wa muda mfupi, hivi vinakaa kwenye tanuri siku kumi mpaka wiki mbili, kuni za msonobari mwekundu usiku na mchana, moto unapita nyuzi 1,200, ndo maana udongo unakuwa mgumu vile.

Na hakijapakwa kitu. Ule mng'ao wa kioo unaouona kwenye sahani za dukani hakina, ni udongo mtupu wa chini ya mashamba ya mpunga, una chuma nyingi kwahiyo rangi ni kahawia iliyokolea. Bega la upande mmoja lina madoa ya manjano kama limemwagiwa ufuta, na wenyewe wanaita hivohivo, goma, yaani ufuta. Hakuna aliyeyachora, ni majivu ya zile kuni yaliruka ndani ya tanuri yakatua hapo yakayeyuka. Upande wa pili ambao moto haukuufikia vizuri umetulia, mweusi wa kijivu, na kusema kweli huo ndo naupenda zaidi, ndo naugeuzia mlangoni. Fundi mwenyewe bado kijana, haigi vile vya zamani, shingo ameipinda kidogo kama mtu anayesikiliza.

Sasa matatizo. Usiku wa kwanza niliweka maji nikakiacha juu ya meza ya mbao, asubuhi nakuta duara la maji, meza ina alama mpaka leo. Nilishtuka nikajua kimepasuka, kumbe kinatoka jasho tu, kama mtungi wa maji nyumbani. Fundi alishaniambia nikiloweke kwanza siku nzima, mi kwa haraka zangu sikumsikiliza. Nikakiloweka, nikaweka kisahani chini, jasho likapungua wiki hadi wiki na sasa hivi ni unyevu kidogo tu. La pili, kitako kinakwaruza, pitisha msasa laini kabla hujakiweka kwenye kabati lako zuri. Halafu kizito, na mdomo mwembamba, ukitaka shada kubwa la harusi hiki sio chako. Chenyewe kinataka tawi moja. Januari niliweka kamelia moja nyekundu, wageni wakawa wanaongea kwa sauti ya chini bila kuambiwa.

Wauzaji wanasema maua yanadumu zaidi humu. Nilijaribu na krisanthemu za fungu moja, nusu humu nusu kwenye chupa ya kioo, za humu zilizidi kama siku tatu. Ni mara moja tu nimejaribu kwahiyo siwezi kuapa, ila mi nimeridhika.

Kitu ambacho hakuna aliyeniambia ni maji kwa nje. Kabla ya kuweka ua kimwagie maji mwili mzima ukifute kidogo, rangi inaamka, wekundu ambao hukuuona kikiwa kikavu unatokea chini ya kahawia, kinakaa hivo kama nusu saa halafu kinarudi taratibu. Naufanya huo mchezo karibu kila asubuhi kabla sijaenda kazini.

Nakipa nyota tano, na duara la mezani nimelihesabu humohumo. Mwezi wa kumi nikijaaliwa narudi Imbe, namtafutia mama kikombe, na nitakigonga kwanza.