Ghorofa la Zamani, Muziki Safi: Nini Kinunuliwe Kwanza

Simama katikati ya sebule tupu ya ghorofa la zamani la Upanga au Kisutu, Dar es Salaam, upige kofi moja. Chumba kitakujibu. Sakafu terazo, kuta za tofali na plasta, dari zege. Sauti haina pa kuzama. Nilihamia chumba cha namna hiyo na spika zangu, na gitaa la solo na la ridhimu zikawa zinasagika pamoja kama uji. Nikadhani spika ni ndogo. Nikaziuza, nikanunua kubwa zaidi, uji ukazidi kuwa mzito.

Kabla ya kuingia dukani, chukua futi kamba. Sebule yangu ina mita 4.8 kwa 3.6, na kimo mita 3. Kanuni ninayotumia ni ya Wallace Sabine, mwalimu wa fizikia wa Harvard, ambaye mwaka 1895 alipewa kazi ya kutibu ukumbi wa mihadhara usiosikika, akawa anahamisha mito ya viti usiku kutoka ukumbi mwingine ili apime. Zidisha ujazo wa chumba kwa 0.161, gawanya kwa eneo linalofyonza sauti: unapata sekunde ambazo sauti inachukua kushuka desibeli 60, yaani hadi karibu kutoweka. Sebule yangu tupu, madirisha yamefungwa, inakaribia sekunde 3. Kwa kusikiliza muziki nyumbani nataka nusu sekunde, na hesabu inadai kama mita za mraba 17 za ufyonzaji kamili, yaani eneo linalomeza sauti yote inayolifikia. Basi kila kitu hapa chini nimekipanga kwa swali moja: kati ya hizo 17, kinaniletea ngapi?

1. Paneli za kuchongesha kwa seremala

Hapa ndipo pesa nyingi ziende. Fremu ya mbao ya sentimita 60 kwa 120, ndani pamba ya mawe (wauzaji wengi wanaiita rokiwuli) yenye unene wa sentimita 10 na uzito wa kilo 40 hadi 60 kwa mita ya ujazo, juu kitambaa. Nane za hivyo zinakupa karibu mita za mraba 6, tena zinagusa sauti za chini, yaani besi, ambazo pazia halizigusi kabisa. Ukiziacha na nafasi ya sentimita 5 hadi 10 kutoka ukutani, zinafikia besi ya chini zaidi bila kuongeza hata shilingi.

Kitambaa kipimwe kwa mdomo: kibandike midomoni, upulize. Pumzi ikipita, sauti itapita. Vitenge vingi vizito vilinigomea. Kanga ya pamba ikapita vizuri. Mwenzangu ndiye aliyechagua kanga za ukutani, na maneno yaliyoandikwa kwenye moja yao naamini ananisema mimi.

Mahali pa kuzitundika, usikisie. Kaa kwenye kiti chako, mtu apitishe kioo ukutani taratibu. Pale unapoiona spika ndani ya kioo, hapo ndipo sauti inapogonga na kukurudia, weka paneli. Zinazobaki zisimame kwenye pembe. Wakati wa kukata pamba ya mawe, fundi avae barakoa na glavu, na kingo zote zifunikwe.

Mwenye mfuko mwepesi atafute godoro nene la sufi alisimamishe pembeni. Linafanya kazi kuliko sura yake inavyosema. Ila sufi inashika moto upesi, likae mbali na nyaya na soketi.

2. Pazia zito na zulia

Mahameli, upana mara mbili ya dirisha ili mikunjo ibaki hata likivutwa, na liwe mbali kidogo na ukuta. Mita za mraba 8 za pazia la hivyo zinaniletea 4 au 5 kwenye sauti za kati na za juu. Vile vitambaa vyepesi vya kuonyesha mwanga ni pambo tu. Zulia liwe nene, lenye kitambaa kizito chini yake, likae kati ya spika na kiti. Mkeka naupenda, lakini kwa kazi hii hausaidii. Na terazo usiivunje! Isugue, ing'arishe, tandika zulia juu.

3. Sofa ya kitambaa

Ya ngozi inarudisha sauti kali. Kabati la vitabu vilivyopangwa ovyo nyuma ya kiti, heri.

4. Madirisha

Hapa watu wanapoteza hela. Dirisha lililo wazi linafyonza kila kinacholifikia, ndiyo maana Sabine alilifanya kipimo chake. Luva zikifunguliwa zinatibu chumba bure, halafu zinakuletea bodaboda, jenereta na king'ora. Ukiamua kubadilisha, chukua alumini ya kufungua kama mlango, yenye mpira pande zote. Ile ya kuteleza inaacha upenyo. Kumbuka ukiziba utahitaji kiyoyozi, basi kiwe cha inveta kinachonong'ona. Kama umepanga, ruhusa ya mwenye nyumba iwe kwa maandishi kabla nyundo haijainuliwa.

5. Stabilaiza

Inunue kwa ajili ya kulinda amplifaya. Kwamba inaongeza utamu wa sauti, mimi sijausikia.

Mwisho kabisa: sponji nyembamba na trei za mayai

Niliuziwa sponji za vipembe nikaambiwa zinazuia sauti isitoke. Hazizuii. Zinakula sauti za juu tu, muziki unabaki mzito na uliofifia. Trei za mayai zirudi kwa muuza mayai.

Besi nayo ina tiba isiyouzwa. Kimo cha mita 3 kinaamsha mvumo wa karibu Hz 57 (mitetemo 57 kwa sekunde), na waya wa A wa gitaa la besi unalia Hz 55. Ndiyo ile noti inayonguruma peke yake. Urefu wa 4.8 unavuma karibu Hz 36, na katikati ya chumba mvumo huo unatoweka, basi usikae hapo. Sogeza kiti kidogo kidogo hadi theluthi ya urefu kutoka ukuta wa nyuma, ukisikiliza wimbo uleule. Jumamosi nzima iliniishia hapo.

Na jirani wa chini? Mama mmoja mtu mzima alipanda ngazi akaniambia, "Mwanangu, hiyo ngoma yako naicheza mimi huku chini." Nikamwomba radhi. Paneli haziwezi kuuzuia mtikisiko unaopita kwenye zege. Niliweka vipande vya mpira mzito chini ya spika, nafuu ikawa ndogo. Sasa baada ya isha napunguza sauti, na kwa kuwa chumba kimetulia, hata ikiwa chini naisikia ridhimu peke yake na solo peke yake.