Google Earth Pro kwa kukadiria maji ya mto: upana sawa, mteremko jihadhari

Kwa mto usio na kituo cha kupimia, programu hii ya kompyuta ni msaada mkubwa, na tangu 2015 ni ya bure. Inakula bando, hilo lijulikane mapema.

Fungua rula, chagua mita, pima upana kutoka ukingo hadi ukingo pale mto uliponyooka kati ya kona mbili. Usipime konani, mchanga wa upande wa ndani huota majani na ukingo hauonekani. Pima mara kumi, shika kipimo cha katikati. Kisha pima umbali kutoka kona moja hadi inayofuata ya upande uleule: watafiti wa mito Leopold na Wolman walionyesha mwaka 1960 kwamba huwa karibu mara 11 ya upana. Ukipata mara 20, ama mafunjo yamefunika maji, ama mto umepungua ndani ya bonde la zamani. Picha za miaka ya nyuma, hasa za kiangazi cha Januari, ndizo zitakazoamua.

Mto Semliki, mpakani mwa Uganda na Kongo, ndipo programu inapong'aa. Vipande vya mto vilivyoachwa vinaonekana wazi, na upana wake unapimika. Upana huongezeka takriban kwa kipeuo cha pili (square root) cha kiasi cha maji, yaani mkondo wa kale ulio mpana mara mbili ulipitisha maji kama mara nne, mradi udongo wa kingo ni uleule. (Mpaka unafuata sehemu ya mto huu, na mto wenyewe hautulii.)

Tatizo ni mwinuko. Chukua mto wa upana wa mita 40, kina mita 2, mteremko sentimita 50 kwa kilomita, na kipimo cha ukwaru (jinsi sakafu na kingo zinavyozuia maji) 0.035. Fomula ya Manning, inayokadiria maji kutokana na vipimo hivyo, inatoa mita za ujazo 76 hivi kwa sekunde. Mwinuko ukikosea mita 2 tu katika kilomita hiyo, mteremko unakuwa mita 2.5 na jibu linaruka hadi 170! Na makosa ya mita kadhaa ni ya kawaida, maana vichwa vya mafunjo na miti huhesabiwa kama ardhi. Chora njia ya kilomita 30 ikifuata mapindo yote, kosa litapungua. Kwa kipande kifupi, kodisha leveli (chombo cha kupimia mwinuko) na fimbo yake. Kina nacho hakipo kwenye picha: mtumbwi, kamba na jiwe.

Katonga, mto wa Uganda, usiipime hivi kabisa. Ardhi ilipoinuka kando ya Bonde la Ufa, sehemu ya mto uliokuwa ukielekea magharibi iligeuziwa Ziwa Victoria, hivyo mteremko wa leo si wa mto ule wa kale. Na upana wa bonde lililojaa mafunjo si upana wa mkondo.

Upana: nyota 5. Mteremko: nyota 1.