Kurudia kusoma au kujiuliza: kipi kinakaa kichwani?

Kila msimu wa mitihani hapa Dodoma nawaona wanafunzi wamekaa vivulini pale Chimwaga, wakisoma daftari lilelile mara ya tatu, ya nne. Roho inaniuma, maana bidii wanayo, ila njia waliyochagua ni dhaifu.

Kurudia kusoma kunaleta hisia tamu kwamba umeelewa, kwa sababu macho yanayatambua maneno. Lakini kutambua si kukumbuka, na kwenye chumba cha mtihani daftari halipo.

Kujiuliza kunachosha zaidi. Unafunga daftari, unaandika unachokumbuka kwenye karatasi tupu, kisha unalifungua na kujisahihisha. Mwanzoni unajiona hujui kitu. Usikate tamaa: kila unapoitoa kumbukumbu ilikohifadhiwa, njia ya kuifikia inaimarika. Mwaka 2006 wanasaikolojia Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walizilinganisha njia hizi kwa wanafunzi wa chuo. Baada ya dakika 5, waliorudia kusoma waliongoza, asilimia 81 kwa 75. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka: waliojipima walikumbuka asilimia 56, wenzao 42.

Kama jaribio ni saa hii, basi soma tena. Kama ni wiki ijayo, funga daftari. Mdogo wangu wa kidato cha nne nimemwambia asome kwanza kwa utulivu, maana huwezi kutoa ghalani mtama ambao hukuuweka, kisha ajiulize leo, keshokutwa na wiki ijayo.